Daftari la Moshi: Kumbukumbu za Kazi ya Kufuatilia Safari za Hewa Chafu

Elimu ya kufuatilia safari za hewa chafu kwa kutumia kompyuta ilizaliwa katika ugomvi wa mataifa, na yeyote aliyeitumikia kwa miaka mingi hugundua kwamba maswali yaliyoulizwa siku za mwanzo ndiyo yanayoendelea kuulizwa hadi leo: moshi huu umetoka kwa nani, umetua kwa nani, na nani aaminiwe kuandika hesabu yake. Kumbukumbu zinazofuata ni za mtaalamu mmoja wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki, ambaye katika makala haya ataitwa mwandishi tu, aliyeanza kazi wakati ramani za upepo zikichorwa kwa penseli na kufutwa kwa raba, na aliyestaafu wakati kompyuta ya kawaida ya mezani ikiweza kukokotoa kwa dakika chache kazi ambayo zamani ilimaliza zamu nzima. Kinachostahili kukumbukwa hapa ni namna ambavyo hesabu ya moshi hupata, au hukosa, kuaminiwa na wale inaowahusu, kwa kuwa mashine zenyewe zimekwisha kusifiwa vya kutosha.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye maziwa na mito ya Skandinavia, ambako katikati ya karne ya ishirini samaki walipungua, na mahali pengine kutoweka kabisa, bila ya wavuvi kujua sababu. Mwaka 1967 Svante Odén, mtaalamu wa udongo wa Uswidi, aliandika katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba tindikali iliyokuwa ikiyaharibu maji hayo ilisafiri angani kutoka Uingereza na Ulaya ya kati. Makaa ya mawe na mafuta mazito yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa hiyo huungana na oksijeni na kuwa gesi iitwayo salfa dioksidi, ambayo ikikaa hewani kwa siku moja au mbili sehemu yake kubwa hugeuka kuwa salfeti, yaani chembe ndogo mno zinazoweza kuelea siku kadhaa kabla ya kuangushwa na mvua. Nchi zilizolaumiwa hazikukana kuwa na moshi. Zilichokana ni kwamba moshi ungeweza kufika mbali kiasi hicho, na baadhi yake zilikuwa zimejenga dohani ndefu za vituo vya umeme ili kuiokoa miji iliyo jirani, ingawa dohani ndefu haipunguzi salfa hata gramu moja, bali huikabidhi kwa upepo wa juu ulio na kasi zaidi.

Ili kulimaliza shauri hilo, nchi kadhaa za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo ziliendesha uchunguzi wa pamoja kuanzia mwaka 1972 hadi 1977, na uchunguzi huo ukathibitisha kwamba salfa ilivuka mipaka kwa wingi. Mwaka huohuo wa 1977 ulianza mpango wa Ulaya wa kupima na kutathmini usafiri wa hewa chafu wa masafa marefu, unaojulikana kwa kifupi chake cha EMEP, na tarehe 13 Novemba 1979 ukatiwa sahihi mjini Geneva mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya jambo hilo, ulioanza kutumika mwaka 1983. Vita Baridi vilikuwa havijaisha. Hata hivyo mpango huo ulikuwa na kituo kimoja cha hesabu Oslo na kingine Moscow, na mataifa yaliyokuwa yameelekezeana makombora yalikubali kuusoma moshi wao kwenye jedwali moja. Ni ushirikiano ambao wanahistoria wa siasa wameupa nafasi ndogo kuliko unavyostahili.

Modeli, kwa maana inayotumika katika fani hii, ni mfumo wa milinganyo inayoiga mwenendo wa hewa na vilivyomo ndani yake, ulioandikwa kama programu ili kompyuta iurudie hatua kwa hatua, na modeli ya kwanza ya EMEP ilikuwa nyepesi kiasi cha kumshangaza mtaalamu wa leo. Ulaya iligawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita 150. Kwa kila mahali palipochaguliwa kuwa mpokeaji, kompyuta ilirudi nyuma saa 96 ikifuata njia iliyopitwa na hewa hadi kufika pale, kisha ikaanza safari ya kwenda mbele, ikiokota salfa katika kila mraba uliovukwa, ikiigeuza sehemu yake kuwa salfeti, na ikiipunguza kila ilipokutana na mvua au ilipogusa ardhi na majani. Zoezi hilo lilirudiwa mara nne kwa siku kwa mwaka mzima, na jumla yake ikaandikwa katika matriksi, yaani jedwali ambalo kila nchi ina safu yake kama mtoaji na mstari wake kama mpokeaji. Wenye fani waliliita kwa utani jedwali la lawama, nalo lilionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya salfa iliyoiangukia Norwei haikutoka Norwei.

Mwandishi aliyaona majedwali hayo kwa mara ya kwanza akiwa mafunzoni Ulaya ya Kaskazini, yakiwa yamechapwa kwenye karatasi zilizoanza kugeuka manjano, na kilichomvutia kilikuwa maelezo ya wakufunzi juu ya mabishano yaliyofuata kila toleo. Wajumbe waliokuja kujitetea hawakupoteza muda mrefu kuubishia upepo, kwa kuwa upepo ulitoka katika ofisi za hali ya hewa ambazo nchi zote zilikuwa zimezoea kubadilishana nazo takwimu. Wala hawakuubishia sana ukemia, kwa kuwa milinganyo ilikuwa wazi na yeyote angeweza kuikagua. Walichobishia ni kiasi cha salfa kilichoandikwa dhidi ya majina yao, na hapo ndipo walipokutana na ukuta, kwa sababu takwimu hizo ziliwasilishwa na serikali zao wenyewe. Mkataba uliitaka kila nchi ihesabu uchafu wake na kuupeleka kwenye daftari la pamoja. Nchi iliyoandika pungufu ingeumbuliwa na vituo vya kupimia vilivyokuwa upande wa pili wa mpaka, na nchi iliyoandika kwa ukweli ilikuwa tayari imekwisha kukiri. Si ajabu kwamba itifaki ya Helsinki ya mwaka 1985 ilidai punguzo la asilimia 30 kwa wote, kipimo butu kisichotazama nani anamuumiza nani, ilhali ile ya Oslo ya mwaka 1994 ilithubutu kumpangia kila mmoja kiwango chake kulingana na uwezo wa udongo na maji ya wapokeaji kuistahimili tindikali: katikati ya miaka hiyo daftari lilikuwa limezoeleka.

Kuhusu namna ya kuifundisha kompyuta safari ya hewa, zipo njia mbili kuu, na kila moja imebeba jina la mwanahisabati wa karne ya kumi na nane. Njia ya Lagrange huchagua fungu dogo la hewa na kuandamana nalo popote liendapo, kama ilivyofanya modeli ya kwanza ya EMEP na kama zifanyavyo leo HYSPLIT ya idara ya Marekani iitwayo NOAA na FLEXPART ya Ulaya, ambazo huachia maelfu ya chembe za kubuni na kuziacha zitawanywe na upepo pamoja na misukosuko yake. Njia ya Euler haimfuati yeyote. Huligawa anga katika masanduku yasiyohama, kisha huhesabu kinachoingia na kinachotoka kila upande. Njia ya pili huubeba ukemia kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo EMEP yenyewe ilihamia huko baadaye, lakini ina ila moja isiyoondoka: moshi unaotoka katika dohani moja huhesabiwa papo hapo kuwa umelijaza sanduku zima, sawa na mpishi atiaye chumvi pembeni mwa sufuria na kuamini kwamba mchuzi wote umekolea kabla ya kuukoroga. Sanduku likiwa na upana wa makumi ya kilomita, mkondo mwembamba wa moshi hupotea ndani yake kabla haujaanza safari.

Njia ya Lagrange nayo ina udanganyifu wake, tena wa hatari zaidi kwa sababu unapendeza macho. Mstari mmoja uliochorwa juu ya ramani, unaoanzia kwenye nyika iunguayo Zambia na kuishia juu ya ziwa Viktoria, humshawishi mtazamaji kwamba hewa ilipita hapohapo. Miaka ambayo mwandishi alikuwa akichora mistari ya namna hiyo kwa mkono, kutoka ramani ya milibari 850, yaani kimo cha kilomita moja na nusu hivi, msimamizi wake wa zamu, mzee aliyeanza kazi enzi za maputo yaliyofuatiliwa kwa darubini, alikuwa na desturi ya kuushika mchoro, kuutazama kwa muda, na kuuliza: "Kijana, mstari huu umeuchora wewe, au umechorwa na upepo?" Lilikuwa swali la kitaalamu kuliko lilivyosikika. Kosa katika mapito ya hewa hukua kadiri saa zinavyosonga, na baada ya siku tatu au nne pengo kati ya mstari na ukweli huweza kufikia mamia ya kilomita. Kwa hiyo anayefanya kazi kwa uaminifu huachia mistari mingi kutoka vimo mbalimbali na saa mbalimbali, kisha husoma umbo la kundi zima badala ya kuuapia mstari mmoja.

Ulaya ililazimika kujifunza hayo kwa hofu. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, habari ya kwanza kwa mataifa ya nje haikutoka kwa serikali yenye mtambo, bali kwa vipimo vya kituo cha umeme wa nyuklia cha Forsmark, Uswidi, ambako asubuhi ya tarehe 28 mionzi ilikutwa kwenye viatu vya mfanyakazi. Upepo wa siku za mwanzo ulielekea kaskazini-magharibi, kisha ukageuka, na kwa kuwa mtambo uliendelea kutoa mionzi kwa takriban siku kumi, wingu lilitawanyika sehemu kubwa ya bara. Modeli zilijua upepo, lakini hazikujua ni kiasi gani kimetoka, kwa kimo gani, wala saa ngapi. Pale mvua iliponyesha wingu likiwa juu, kama ilivyotokea karibu na Gävle, Uswidi, na katika vilima vya Wales na Cumbria, sesiamu-137 iliganda kwenye udongo na kupanda hadi kwenye majani, na vikwazo vya kuuza kondoo wa malisho hayo nchini Uingereza havikuondolewa vyote hadi mwaka 2012. Umbali wa kilomita chache kati ya malisho yaliyopata mvua na yaliyokosa uliamua mengi, na hakuna modeli ya wakati ule iliyoweza kuona kilomita chache.

Matokeo ya aibu hiyo yalikuwa jaribio ambalo mwandishi hulihesabu kuwa la uungwana kuliko yote katika historia ya fani, kwa sababu wataalamu walikubali kupimwa hadharani. Tarehe 23 Oktoba 1994, huko Monterfil katika jimbo la Bretagne, Ufaransa, kiliachiwa hewani kwa muda wa saa 12 kiasi cha kilo 340 za gesi isiyo na madhara na ambayo karibu haipo katika maumbile, kisha vituo 168 katika nchi 17 vikakusanya hewa kila saa tatu ili kuona itafika wapi. Makundi zaidi ya 20 ya modeli yalitakiwa kutabiri kabla ya kuyaona majibu. Jaribio hilo, lijulikanalo kama ETEX, lilionyesha kwamba nyingi ziliweza kubashiri umbo la jumla la wingu na saa za kufika kwake, lakini uzito wa gesi mahali fulani kwa saa fulani ulikosewa sana. La pili, lililofanywa tarehe 14 Novemba mwaka huohuo, lilizishinda modeli nyingi, na kwa sababu hiyo halisimuliwi mara nyingi, ijapokuwa lilifundisha zaidi. Kutokana na majaribio hayo ilikuja kufahamika kwamba jibu la katikati la modeli nyingi zikitazamwa pamoja mara nyingi hulishinda la modeli moja iliyosifiwa.

Hesabu ya kurudi nyuma, ambayo huanza na kipimo na kutafuta chanzo, imekuwa silaha ya kidiplomasia pia. Mwaka 2017, kati ya Septemba na Oktoba, rutheni-106, madini ya mionzi yasiyotokea kiasili, ilipimwa katika nchi nyingi za Ulaya, na taasisi ya usalama wa nyuklia ya Ufaransa ilionyesha kwa hesabu hiyo kwamba chanzo kilikuwa kati ya mto Volga na milima ya Ural. Hakuna serikali iliyokiri. Modeli inaweza kumnyooshea mtu kidole. Kumfanya atie sahihi ni kazi ya daftari, na kwa rutheni hiyo daftari halikuwapo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kwamba upepo una ratiba, kwa kuwa majahazi yaliishi kwa kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Ratiba hiyo ndiyo huongoza moshi. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hewa hushuka kutoka Bara Hindi na Arabia, na msafara wa kisayansi wa INDOEX, uliofanya kazi Bahari ya Hindi mwanzoni mwa mwaka 1999 kwa kituo cha Maldivi, ulikuta ukungu wa masizi na salfeti kutoka Asia ya Kusini umeenea juu ya bahari hadi kukaribia ikweta. Wakati wa kusi, kando ya pwani ya Kenya hupita mkondo wa kasi wa upepo wa chini, uliobainishwa na John Findlater mwaka 1969, unaokatiza ikweta kwenda Arabia na India. Na huko ndani, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kuna mkondo wa Turkana, ambao J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliuandikia mwaka 1982. Mkondo huu wa pili ni mtihani mzuri kwa modeli yoyote: masanduku yakiwa makubwa, milima husawazishwa, upenyo kati yake huzibwa, na upepo hutoka katika hesabu ukiwa dhaifu kuliko unavyovuma.

Moshi mwingi wa bara hili hautoki kwenye dohani. Hutoka kwenye mioto ya nyika na mashamba, ambayo huwaka kusini mwa ikweta tangu Juni hadi Oktoba, kutoka Angola na Kongo hadi Msumbiji na Tanzania, na kaskazini mwa ikweta tangu Novemba hadi Februari. Utafiti mkubwa wa SAFARI, wa mwaka 1992 na wa mwaka 2000, ulionyesha kwamba juu ya kusini mwa Afrika hewa huzunguka kinyume na mwendo wa saa huku imefunikwa na matabaka tulivu kwenye kimo cha kilomita tatu na tano hivi, kiasi kwamba moshi hurudi ulikotoka zaidi ya mara moja kabla ya kumwagikia Bahari ya Hindi. Nchini Rwanda, kwenye kituo cha Mlima Mugogo kilicho mita 2590 juu ya usawa wa bahari, vipimo vya masizi na kaboni monoksidi hupanda katika misimu yote miwili ya kiangazi, na mapito ya kurudi nyuma huelekea kwenye mioto ya kaskazini katika msimu mmoja na kwenye ile ya kusini katika mwingine. Mwandishi anakumbuka Julai moja ambapo ukungu mkavu uliukumba mji wake wa kazi, magazeti yakaulaumu msongamano wa magari, na mistari yote ya hesabu ikatoka kusini-magharibi. Magari yalikuwa na sehemu yao, bila ya shaka. Ila hakuna aliyeweza kusema ni sehemu gani.

Hata mahali pa kupimia huleta mitego yake. Kituo cha Mlima Kenya, kilichoanza mwaka 1999 kwenye kimo cha mita 3678 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, huonja hewa mbili tofauti kwa siku moja: mchana miteremko ikipata joto, upepo hupanda ukibeba moshi wa vijiji na mashamba ya chini, na usiku hewa hushuka kutoka anga la juu, ikileta habari za mbali. Atakayechanganya vipimo vya saa zote na kuvilinganisha na modeli ya masafa marefu atalinganisha vitu visivyofanana, kisha atailaumu kompyuta.

Lililo gumu zaidi kwa Afrika Mashariki, kwa maoni ya mwandishi, si upepo wala kompyuta. Takwimu za upepo za kila saa tangu mwaka 1940, zilizokokotolewa na kituo cha Ulaya cha utabiri kwa miraba ya kilomita 31 hivi, hupatikana bure; HYSPLIT huweza kuendeshwa kupitia intaneti na mwanafunzi yeyote; setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huona nitrojeni dioksidi ya mji mmoja mmoja; na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mradi wake wa AirQo ulioanza Kampala mwaka 2015, kimeonyesha kwamba vipima-hewa vya bei nafuu vinaweza kuundwa na kutunzwa hapahapa. Kinachokosekana ni safu ya kwanza ya jedwali: nani hutoa nini, kiasi gani, na mwezi upi. Salfa ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, zilizo miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kimaumbile duniani, imepimwa na setilaiti mara nyingi, na ni dhahiri kwamba hakuna mkataba ambao mlima utautia sahihi. Moshi wa mkaa, wa majaa ya taka, wa matofali ya kuchoma na wa majenereta, ambao wenyewe wanaweza kuulizwa, ndio ulioandikwa kwa makadirio ya watu walio mbali.

Mwaka 2008 nchi za eneo hili zilifikia makubaliano ya Nairobi juu ya uchafuzi wa hewa, na zile za kusini zikawa na ya Lusaka mwaka huohuo. Maneno yake ni mazuri, lakini hayakuzaa kituo cha hesabu kama kile cha Oslo. Katika mkutano mmoja wa kikanda mwandishi alimsikia mjumbe akiomba modeli yenye miraba midogo zaidi, na mwenzake, mama mmoja mtulivu wa idara ya misitu, akamjibu kwa heshima: "Ndugu mjumbe, hiyo miraba midogo tutaijaza nini?" Mjadala ukahamia mambo mengine.

Kazi ya mwisho ya mwandishi kabla ya kustaafu ilitokana na swali hilo, nayo haikuhitaji kompyuta. Ilikuwa kuandaa fomu ya kuwauliza wachoma mkaa na wenye matanuri ya matofali wa wilaya chache: magunia mangapi, kuni za mti gani, tanuri huwashwa mwezi gani, na moto hufukuta kwa siku ngapi. Vijana waliopelekwa kuuliza waliona swali la nne kuwa la kupoteza muda, hadi walipoelezwa kwamba kuni zinazofukuta bila ndimi hutoa kaboni monoksidi na chembe nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko zinazowaka kwa nguvu, na kwamba siku mbili za kufukuta, zikizidishwa kwa matanuri yote ya wilaya, hubadilisha hesabu kuliko kuipunguza miraba ya modeli kwa nusu.